Mama Flashi na Besi ya Upande wa Kushoto

Ndugu wafiwa, majirani, wauguzi mliokuja moja kwa moja kutoka zamu, na nyinyi wa miwani ya jua mliojibanza kule nyuma mkidhani hatuwajui, familia inaomba mkae, wasio na viti waegemee ukuta, kwa sababu maisha ya Shangazi yetu si ya kusomwa kwa pumzi moja, na yeye mwenyewe hakumpenda mtu anayeharakisha jambo likiwa zuri.

Marehemu, ambaye kazini aliitwa Mama Flashi na nyumbani aliitwa Shangazi hata na watoto wasiomhusu kwa damu, alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Machi 1962, katika nyumba ya pili kutoka kona, mtaa wa nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa nne kati ya sita na binti pekee, baba yake akiwa mtu wa kupeperushia treni bendera, mama yake fundi cherehani, na mkunga aliyempokea alisimulia hadi uzee wake kwamba mtoto yule alikuja macho yamemtoka pima, akawatazama waliokuwemo chumbani mmoja mmoja kama mtu aliyetumwa kukagua nyumba, ndipo akakumbuka kulia. Ukoo huu haujawahi kuzaa mtu wa kawaida, na anayebisha aangalie tu safu ya mbele.

Alianza darasa la kwanza Januari 1969 katika shule ya msingi iliyotazamana na kiwanda cha sabuni, akamaliza la saba mwaka 1975, akaingia sekondari ya wasichana ya kule kilimani, na huko akadumu hadi Juni 1977, katikati ya kidato cha pili, watu wakaeneza kwamba amefukuzwa, jambo ambalo familia inalikanusha hapa hadharani, hakufukuzwa, aliichoka shule akaiacha ikae yenyewe, na mbona haikumpunguzia kitu, maana kati ya wote waliobaki darasani wakaramba vitabu hadi ukurasa wa mwisho, mtuonyeshe mmoja ambaye msiba wake utajaza watu mpaka barabarani namna hii.

Januari 1978 alipata kazi katika studio ya picha za pasipoti iliyokuwa mtaa wa maduka ya vitambaa, kwa mzee mmoja ambaye jina lake wateja walishalisahau wakamwita Mzee Tulia, kwa kuwa ndilo neno alilomwambia kila aliyekaa kwenye kile kigoda chake, tulia, tulia, nimesema tulia, na mzee huyo ndiye aliyemfundisha kuweka mkanda gizani, kusafisha picha na kubana viwiko mbavuni asitikisike, akimwambia kwamba mpiga picha ni mikono, macho hata mbuzi anayo. Shangazi alikaa pale miaka sita, mikono ikawa mizito kama jiwe la kusagia, ungeweza kuuegemea mkono wake ukasinzia.

Kazi iliyomtoa, na iliyoutoa ukoo mzima kimasomaso, ilimfuata mwenyewe tarehe 20 Februari 1984, siku vijana watatu wa bendi ya roki walipoingia studioni kupigwa picha ya bango, nywele zimewasimama, suruali zimewabana hadi ukawaonea huruma, na Mzee Tulia akawaambia watulie, wakashindwa, mmoja anagonga meza, mwingine anacheka, mzee akatupa kitambaa akaenda kunywa chai, basi Shangazi akawatoa nje, akawaambia wapakie vyombo vyao kwenye mkokoteni kama walivyotaka kufanya, na wakati amplifaya inawaponyoka wakaidaka kwa magoti na meno huku wakitukanana, akabonyeza. Picha ile ikawa bango, bango likawa jalada la santuri, na wiki ya tatu bendi ikarudi kumwuliza kama anaweza kusafiri.

Akasafiri miaka ishirini na minane. Wapiga picha wengine waliruhusiwa nyimbo tatu za kwanza, wakishazimaliza wanasukumwa nje kama kuku waliovamia unga, yeye alikuwa wa ndani, anaanza mchana watu wakiwa bado wanavuta nyaya na anamaliza jasho likishakauka, na flashi hakuitumia hata siku moja, ndiyo maana wale wahuni wakampa jina la Mama Flashi. Mwimbaji akiwa amepasua koo jukwaani, alikuwa akisema, hiyo hata kipofu ataipata kwa kusikiliza, yeye alitaka yale ya nyuma ya jukwaa, na huko ndiko alikompata Radi, yule mwimbaji aliyetisha viwanja vizima, akitapika kwenye ndoo kwa woga kabla ya kila onyesho, kisha anajifuta na kuuliza kama nywele zimekaa sawa, ndiko alikompata Nyundo, mpiga ngoma, akichovya vidole vilivyochubuka kwenye maji ya chumvi huku akimwita mama yake, na Mzito, mpiga besi, jitu la miraba minne, ameketi na sindano mdomoni anawashonea wenzake suruali zilizopasuka. Walimwachia aone yote hayo kwa sababu picha haikutoka mkononi mwake kabla aliyepigwa hajaiona, akikataa imechanwa, na familia inatamba hapa bila haya kwamba katika kazi hiyo hakuna aliyemfikia, wala anayemkaribia hajazaliwa.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 2 Septemba 1989 na fundi sauti wa bendi hiyohiyo, ambaye sisi tunamwita Anko Sauti, mtu wa maneno machache kiasi kwamba wakwe zake walidhani ana jino bovu, na posa yake ilifanyika mchana wa majaribio ya vyombo, ukumbi mtupu, mafundi wamepanda ngazi, ghafla spika zote zikasema moja, mbili, moja, mbili, dada wa kamera, utaolewa lini, mafundi nusura waanguke, na Shangazi akajibu kutoka mbele ya jukwaa bila maikrofoni na bado alisikika vizuri kuliko yeye, "Punguza kwanza hiyo sauti, bwana, unaposa au unauza sabuni?" Akapunguza. Akajibiwa ndiyo. Mungu akawajalia watoto wawili, kifungua mimba wa kike tarehe 14 Januari 1991, ambaye leo ni mwalimu wa hesabu, na kitinda mimba wa kiume tarehe 30 Oktoba 1995, aliyelelewa ndani ya kasha la gitaa hadi akawa mtoto wa kulala kwenye kelele na kuamka zikizimwa, na hata sasa ukitaka kumwamsha, nyamaza.

Sasa tunafika mahali ambapo tungependa kuruka, lakini hakuna njia ya pembeni.

Shangazi alikuwa na sehemu yake ya kusimama, katika uchochoro ulio kati ya jukwaa na uzio wa mashabiki, upande wa kushoto, maana kutoka pale ndipo Nyundo alipoonekana vizuri nyuma ya ngoma zake, na upande huohuo zilipangwa spika kubwa za besi, zile ambazo zikiunguruma suruali inapepea na meno yanagongana, kila anayesimama pale hutikisika, awe mlinzi au mbwa wa mlinzi. Kwa hiyo mwaka 2004, mikono yake ilipoanza kutetemeka, hakushangaa wala hakushtuka, alimfuata mume wake wakati wa chakula akamwambia, "Baba, punguza besi ya kushoto, unanitikisa, picha zinatoka zimekorogeka," na Anko Sauti, ambaye kwa mapenzi angeweza kuizima bendi nzima, akaishusha kidogo. Ziara iliyofuata akaombwa tena, akaishusha tena. Mwaka uliofuata vilevile, hadi Mzito akamvamia kwenye meza yake ya mitambo akimuuliza, "Besi yangu ya kushoto inakwenda wapi, shemeji, unaila?" na Anko akasingizia nyaya, akasingizia ukumbi, akasingizia unyevu, akawa tayari kuitwa fundi mbovu mbele ya watu, moyoni akiamini kwamba yeye ndiye anayemtikisa mke wake.

Upande wake Shangazi naye hakukaa bure, alikuwa akijua kwamba mkono ukitikisika dawa ni kubonyeza upesi zaidi, kamera ifumbe jicho kabla mtetemo haujaonekana, ila kamera ikifumba upesi mwanga nao hauwahi kuingia, basi picha zake zikaanza kutoka nyeusi, zimejaa chenga kama runinga ya antena iliyopinda, Radi unamwona sikio na nusu ya kidevu, Nyundo ni ukucha tu na fimbo, vingine vyote giza. Na hapo, ndugu zetu, dunia ikasimama ikapiga makofi.

Bwana mmoja wa majarida, anayevaa skafu hata kukiwa na joto la kukaanga yai, aliandika kwamba huyu mama amelifundisha giza kuimba, yakafuata maonyesho ya picha hizo tarehe 6 Oktoba 2007 katika ukumbi wenye kuta nyeupe na vikombe vidogo visivyoshibisha mtu, wasomi wakasimama mbele ya picha nyeusi wakitikisa vichwa, vijana wapiga picha wakanunua kamera wakaanza kuzipunja mwanga makusudi, na sisi nyumbani tukatundika moja sebuleni ikabidi kumweleza kila mgeni kwamba si picha ya siku umeme ulipokatika. Walimwuliza mtindo ule ameutoa wapi. Shangazi akacheka akasema ameutoa kwa mume wake, wakaandika na hilo.

Jumapili ya tarehe 3 Mei 2009, saa nane mchana, wote wawili wakiwa jikoni kwao, yeye amekaa mezani na kikombe cha chai, Anko ameinama anakaza mguu wa stuli, masikio yake ambayo yamelisha nyumba ile miaka yote yakasikia kijiko kikigonga kisahani, ti ti ti ti, mfululizo, sawasawa, kama mtu anayepima mwendo wa wimbo, akainua kichwa akaona mkono wa mke wake, na bila kufikiri mkono wake mwenyewe ukanyooka pembeni, pale ambapo kazini hukaa kitufe cha besi. Ulikutana na ukuta. Redio ilikuwa imezimwa, friji ilikuwa imenyamaza, nje hapakuwa na gari, nyumba nzima haikuwa na kitu kinachounguruma, na mkono unatetemeka. Shangazi alimwona alivyonyoosha mkono, akajaribu utani, akamwambia, "Haya, punguza basi," na Anko akabaki hivyohivyo, kiganja ukutani, hana la kupunguza.

Hospitalini walikwenda tarehe 11 Mei 2009, wakapokewa na daktari wa mishipa ya fahamu, mama mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, akamtembeza kwenye korido, akamgongagonga magoti, akamwambia achore duara akachora yai, ndipo akawaeleza kwamba huu ni ule ugonjwa wa kutetemeka, kwamba una miaka mitano hivi mwilini, na mbona wamekaa nao muda wote huo. Ungemjibu nini mtu wa watu, kwamba tuliupeleka kwenye maonyesho? Anko Sauti akauliza swali moja tu, kama wangekuja mwanzo kabisa ingekuwaje, na tulitegemea kusikia neno la kutuumiza ili angalau tupate pa kuuweka uchungu, lakini daktari akasema hata wangekuja siku ya kwanza asingeuzuia, angempunguzia adha tu, vidonge vyenyewe ni hivihivi, na kwa jibu hilo tukakosa hata wa kumlaumu, bwana wa skafu tukamkosa, besi tukaikosa, tukabaki na vidonge.

Mwaka 2012 bendi ilitangaza ziara ya kuagana, na Shangazi alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani, kuipiga picha ziara hiyo hadi mwisho, aliianza hadithi ile na mkokoteni na hakutaka mwingine aje aimalizie. Kikao cha ukoo kikakaa, kaka yake mkubwa akakataza, mawifi wakalia, yeye akawasikiliza wote kwa adabu, akawashukuru, akapanda basi la bendi tarehe 4 Agosti. Anko akamtengenezea stendi ya miguu mitatu yenye waya wa kubonyezea, akaitumia jioni moja akaitukana, kwamba Radi hakai mahali pamoja na stendi haina miguu ya kumfuata, akarudi kushika kwa mkono, picha zikatoka ukungu mtupu, naye akaendelea, maana mtu aliyezama hachagui ubao.

Tarehe 25 Agosti 2012, katika ukumbi wa michezo wenye paa la mabati, wimbo wa nne ukiwa umechanganya, Anko Sauti akaona taa zote za mitambo yake zimeshuka kwa mpigo, akadhani umeme umekatika, akavua vipokea sauti, na kumbe umeme upo. Radi alikuwa amesimama mguu mmoja juu ya spika, mkono juu, mdomo wazi, kimya. Nyundo fimbo ziko hewani. Mzito ameinama na besi yake kama mtu aliyeshikwa na kiuno. Walikuwa wamekubaliana bila kumwambia mtu yeyote, wote wanamtazama Mama Flashi, wametulia tuli, bendi ambayo tangu mwaka 1984 hakuna aliyeweza kuituliza, wanamsubiri abonyeze. Watu ukumbini wakashangilia wakidhani ni mbwembwe mpya.

Yeye alishusha kamera akawapungia waendelee. Hawakuendelea, walidhani anatafuta pembe nzuri. Akapunga tena, Radi jasho linamtiririka na mguu umeanza kumtetemeka naye, hatikisi hata kope, wao wanamsubiri yeye na yeye anawasubiri wao, na kule nyuma mume wake ameshika vitufe vyote vya ukumbi ule na hakuna hata kimoja cha kusaidia. Mwishowe akainua kamera akabonyeza, ili tu kuwafungua.

Nyuma ya jukwaa alimkuta Radi anajifuta, akamwambia, "Mwanangu, mimi sikuja kupiga picha za pasipoti," Radi akasema, "Mama, tulitaka kukusaidia," naye akamjibu, "Najua, ndiyo maana naondoka," akamshika shavu, akaifunga kamera ndani ya mfuko wake, na baada ya kuitoa ile picha hakuifungua tena hadi anafumba macho. Picha ile ilitoka safi, haina chenga wala giza, kila mtu anaonekana mpaka vifungo vya shati, na ndiyo picha pekee katika kazi yake yote aliyoichana bila kuombwa na mtu.

Miaka iliyofuata Anko aliacha kazi akakaa naye nyumbani, mwili ukakaza, hatua zikafupika, na kuanzia mwaka 2019 sauti nayo ikaanza kushuka, Shangazi yule aliyejibu posa bila maikrofoni sasa anaomba maji na aliye chumba cha pili hasikii, basi fundi akafanya analolijua, akambania maikrofoni ndogo kwenye kola, akafunga spika moja jikoni na nyingine sebuleni, na mtu aliyetumia miaka mingi kushusha akawa sasa ni wa kupandisha, mwezi huu kidogo, mwezi ujao kidogo, hadi mwanzoni mwa mwaka huu kitufe kilipofika mwisho wake, na kilichotoka ndani ya spika kikawa ni pumzi na mvumo tu. Anko aliendelea kukaa karibu na spika ile kuusikiliza mvumo, akituambia kuna maneno ndani yake, na sisi tukamwitikia ndiyo yapo.

Tarehe 29 Mei 2024 alipata homa ya mapafu, akalazwa wodi namba nne, kitanda cha dirishani, na pamoja na jitihada zote za madaktari akafariki dunia tarehe 3 Juni 2024, saa nne na robo asubuhi, mume wake akiwa amemshika mikono, na Anko anasema ulitulia mmoja kwanza, kisha wa pili. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, kaka wanne waliobaki na bendi moja.

Familia inamshukuru daktari wa kalamu tatu, ambaye hakutudanganya hata siku tulipomwomba atudanganye, inawashukuru wauguzi wa wodi namba nne waliomgeuza kwa upole kama yai, na majirani wa pande zote mbili, ambao kwa miaka yote hiyo mlimsikia kupitia dirishani akiomba uji, akimwita mume wake kiziwi, na hakuna aliyekuja kulalamika, isipokuwa yule aliyekuja kuuliza kwa nini siku hizi hatumsikii. Tunawashukuru Radi, Nyundo na Mzito, vueni miwani tu, sote tumelia. Na nyinyi vijana wapiga picha mliojaa humu na kamera zenu, mlimpenda na tunalijua hilo, pigeni leo mnavyotaka, ila familia inawaomba kwa heshima muache mwanga uingie, ule haukuwa mtindo.

Mwisho, ndugu zetu, sauti hii inayowafikia mpaka wa barabarani inasimamiwa na Anko Sauti mwenyewe, tulimwandalia kiti pamoja na wafiwa akakikataa, akasema bila mimi mtamsomea kwa sauti mbovu, nitakaa kwenye mitambo, na tangu tulipoanza tunamwona anapandisha kidogo, anashusha kidogo, anatega sikio, anapandisha tena. Anko, inatosha, inasikika hivyohivyo, iache, njoo ukae na sisi. Na wewe, Shangazi, pumzika kwa amani, maana sisi huku hatujui tupumzike vipi.